Ni Nani Mwenye Mamlaka ya Kulihukumu Shauri Lako?

Katika somo la mwezi huu twataka kulieleza neno moja ambalo watu wengi hulisikia mahakamani, lakini wachache hujua maana yake. Neno lenyewe ni "mamlaka ya mahakama". Mtu asiyelifahamu aweza kuwa na haki kamili, na mashahidi wa kweli, na hati zisizo na ila, naye akashinda. Na mwisho wa yote akarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu alibisha mlango usio wake.

Sikilizeni mfano. Mama mmoja mjane ana shamba la migomba na kahawa. Shemeji yake akang'oa masale ya mpakani, akapanda mahindi katika nusu ya shamba lile. Mama akaenda Mahakama ya Mwanzo, maana ndiyo iliyo karibu na kwake. Shauri likasikilizwa mwaka mzima. Mashahidi wakaja, wazee wawili waliouona mpaka ulipowekwa wakasema yote waliyoyajua, na hakimu akampa mama ushindi. Shemeji akakata rufani katika Mahakama ya Wilaya. Hakimu wa huko alipolifungua jalada, kabla hajauliza nani alisema kweli, aliuliza kwanza: Je, Mahakama ya Mwanzo yaweza kusikiliza shauri la ardhi? Jibu ni kwamba haiwezi. Basi mwenendo wote ukafutwa pamoja na hukumu yake, na mama akaambiwa aanze upya mahali panapostahili. Lakini wakati ule wazee wake wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini mambo ya namna hii hutokea kweli. Tena kosa hili huanza siku ya kwanza kabisa, mtu anapoandikiwa dai lake na ndugu au jirani anayejua kuandika. Mara nyingi mwandishi huyo ni mwalimu wa usharika. Ndiyo maana yafaa somo hili lisomwe na walimu kwa makini.

MAANA YAKE

Mamlaka ya mahakama ni uwezo ambao sheria imeipa mahakama ili ipokee shauri, ilisikilize, ilikate, na hukumu yake ishike. Angalieni maneno haya: uwezo ambao sheria imeupa. Hakimu hapati mamlaka kwa elimu yake, wala kwa umri wake, wala kwa wema wa moyo wake. Hakimu mwadilifu akihukumu jambo ambalo sheria haikumpa, hukumu yake ni kama stakabadhi ya kodi iliyoandikwa na mtu asiye mtoza kodi. Karatasi ipo, na mhuri upo, lakini deni la kodi halijalipwa.

Kutoka hapo tunapata mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, wenye shauri hawawezi kuipa mahakama mamlaka kwa kupatana wao kwa wao. Watu wawili wanaweza kupatana kuumaliza ugomvi wao, na ni vema. Lakini hata wakikubali wote wawili kwa sahihi zao kwamba mahakama fulani iwahukumu, kama sheria haikuipa jambo lile, makubaliano yao hayaongezi kitu. La pili, swali la mamlaka laweza kuulizwa wakati wo wote, hata katika rufani ya mwisho. Tena mahakama yenyewe hulazimika kujiuliza, hata kama hakuna mtu aliyelitaja. Kwa hiyo hakimu mwenye busara hulitazama neno hili kabla ya mengine yote.

Sasa tuzitazame aina zake. Mifano yetu tunaichukua katika mahakama za Tanzania Bara. Tena kwa kuwa wasomaji wetu wanazijua habari za mashauri yaliyoandikwa katika Injili na Matendo ya Mitume, tutazikumbuka pia, maana hata maliwali wa Rumi waliulizana habari za mamlaka.

1. MAMLAKA YA MAHALI

Kila mahakama ina mipaka ya nchi yake. Mahakama ya Mwanzo hufanya kazi katika wilaya ilimowekwa, na Mahakama ya Wilaya katika wilaya yake. Mahakama Kuu ya Tanzania yaenea Tanzania Bara yote, lakini Zanzibar ina Mahakama Kuu yake yenyewe. Pilato aliposikia kwamba mshtakiwa aliyeletwa mbele yake alikuwa mtu wa Galilaya, alimpeleka kwa Herode, aliyetawala nchi ile. Hilo lilikuwa swali la mamlaka ya mahali.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 imeweka njia nyepesi kukumbuka. Shauri la mali isiyohamishika, kama shamba au nyumba, hufunguliwa pale mali ilipo. Mashauri mengine hufunguliwa pale mdaiwa anapokaa au anapofanya kazi, au pale jambo lenyewe lilipotokea. Basi mtu anayekaa Arusha, na shamba lake liko Rombo, hawezi kulidai shamba hilo Arusha kwa sababu tu ndiko anakokaa. Sharti aende kunakohusika na Rombo.

Lakini kosa la mahali si zito kama makosa mengine ya mamlaka. Sheria hiyo yasema kwamba anayetaka kulalamika juu ya mahali alaumu mapema, katika mahakama ya kwanza. Akinyamaza mpaka ashindwe, ndipo alalamike katika rufani, hatasikilizwa, isipokuwa haki imeharibika kwa sababu hiyo.

2. MAMLAKA YA JAMBO

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Sheria huyagawanya mambo yenyewe: jambo hili kwa mahakama hii, na jambo lile kwa mahakama ile. Wayahudi wa Korintho walipomshtaki Paulo mbele ya Galio, liwali wa Akaya, Galio alikataa kulisikiliza shauri, akisema kwamba ni ugomvi wa maneno ya sheria yao wenyewe, na si uhalifu. Hakuuliza kama Paulo ana kosa au hana. Alisema kwamba jambo lenyewe si lake.

Katika nchi yetu mfano mkubwa ni ardhi. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliyaondoa mashauri ya ardhi katika Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na za Hakimu Mkazi. Ikaweka ngazi nyingine: Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu, na juu yake Mahakama ya Rufani. Baraza la Kijiji lilipewa kazi ya kusuluhisha tu. Baraza la Kata lilikuwa na uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi ambayo thamani yake haizidi Sh. 3,000,000. Lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na uwezo huo wa kuamua ukaondolewa. Likabaki na usuluhishi peke yake. Likishindwa kuwapatanisha watu, hutoa hati ya kusema kwamba limeshindwa, na kwa hati hiyo mtu huenda Baraza la Wilaya. Siku 30 zikipita bila upatanisho, mdai aweza kwenda mbele hata pasipo hati hiyo. Watu wengi bado wanayafuata mambo ya zamani, wakidhani Baraza la Kata litawahukumu. Waambieni.

Mambo ya kazi na mishahara nayo yana njia yake. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi pasipo haki huenda kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hapeleki jambo hilo Mahakama ya Mwanzo.

Mirathi nayo yataka uangalifu, hasa kwa Wakristo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliipa Mahakama ya Mwanzo mirathi inayofuata sheria za mila au sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, Mkristo alipofariki mahakama zilikuwa zikiuliza: Je, mtu huyu aliishi kwa kufuata mila za kabila lake, au alikuwa ameziacha? Jibu la swali hilo ndilo lililoonyesha mlango. Familia nyingi hazikuuliza mapema. Mmoja wao akawekwa kuwa msimamizi wa mirathi, mali ikagawanywa, kisha mwenzao aliyenung'unika akapinga kwamba mahakama haikuwa na uwezo, na kazi yote ikavunjika. Basi kabla ya kufungua mirathi, nendeni kwanza mkamwulize karani wa mahakama au mwanasheria, mkimweleza marehemu alikuwa wa dini gani, alifunga ndoa ya namna gani, na aliishi kwa desturi zipi.

3. MAMLAKA YA THAMANI

Mahakama mbili zaweza kuwa na uwezo juu ya jambo la namna moja, zikatofautiana kwa kiasi cha mali. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliongeza viwango. Mahakama ya Mwanzo iliruhusiwa kusikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi Sh. 30,000,000. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilipewa mashauri ya kurudishiwa ardhi au nyumba yenye thamani isiyozidi Sh. 300,000,000, na katika madai mengine yanayopimika kwa fedha, yasiyozidi Sh. 200,000,000. Yanayozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Kwa kuwa viwango hubadilishwa mara kwa mara, mtu aulize kiwango cha siku ile anayofungua shauri.

Pamoja na hayo iko kanuni nyingine katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai: kila shauri lifunguliwe katika mahakama ya daraja la chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza. Watu wengine hudhani kwamba wakienda moja kwa moja Mahakama Kuu kwa deni dogo watapata haki kubwa zaidi. Hawapati ila safari ndefu na gharama. Kanuni hii si ngeni kwetu. Yethro alipomwona Musa akichoka kwa mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, alimshauri aweke wakuu wa kuamua mambo madogo, na yale makubwa tu yaletwe kwake.

4. MAMLAKA YA KWANZA NA MAMLAKA YA RUFANI

Mamlaka ya kwanza ni uwezo wa kulipokea shauri jipya, kuwasikia mashahidi na kulikata. Mamlaka ya rufani ni uwezo wa kuitazama hukumu ya mahakama ya chini, kama ilikuwa sawa au ilipotoka. Paulo alipokuwa mbele ya Festo huko Kaisaria, alitaka shauri lake liende kwa Kaisari. Tangu saa ile Festo hakuweza kumpeleka Yerusalemi wala kumfungua. Hata mfalme Agripa alisema kwamba mtu huyu angaliweza kufunguliwa kama asingalitaka rufani kwa Kaisari.

Kwetu, anayeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo hukata rufani Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na mwisho Mahakama ya Rufani. Hii ya mwisho iliwekwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977 pamoja na mahakama yake ya rufani. Rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo hukatwa ndani ya siku 30. Mtu asizihesabu siku hizo kwa mazungumzo ya kijiweni. Azihesabu kwa kalenda. Tena mahakama ya juu yaweza kuliita jalada la mahakama ya chini na kulikagua, hata kama hakuna aliyekata rufani.

5. MAMLAKA YA PEKE YAKE NA MAMLAKA YA PAMOJA

Mambo mengine yamepewa mahakama moja tu. Kwa mfano, anayepinga uchaguzi wa mbunge hupeleka shauri lake Mahakama Kuu, wala hakuna hakimu wa wilaya awezaye kulipokea. Hiyo ni mamlaka ya peke yake. Mambo mengine yamepewa mahakama kadhaa kwa pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizipa uwezo juu ya mashauri ya ndoa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi, na Mahakama Kuu. Lakini hata hapo sheria imeweka mlango mbele ya mlango: kwa kawaida anayeomba talaka hasikilizwi mpaka baraza la usuluhishi wa ndoa limejaribu kuwapatanisha, likashindwa, na kutoa hati.

6. MAMLAKA JUU YA WATU

Mwisho, mamlaka huweza kutegemea mtu mwenyewe ni nani. Watoto walio chini ya miaka 18 wamewekewa Mahakama ya Watoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Huko Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imezipa Mahakama za Kadhi mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu kwa sheria ya Kiislamu, pale ambapo wenye shauri wote ni Waislamu nao wamekubali kuhukumiwa huko.

Babu zetu waliijua aina hii kwa uchungu. Wakati wa Wadachi Mzungu alikuwa na mahakama yake yenye majaji, na Mwafrika alihukumiwa na bwana wa boma, au na liwali na akida. Waingereza waliweka Mahakama Kuu mwaka 1920. Lakini sheria ya mwaka 1929 iliyaondoa mabaraza ya wenyeji chini ya Mahakama Kuu, ikayaweka chini ya mabwana wa serikali, na rufani za Waafrika zikapanda kwa bwana wa wilaya, bwana wa jimbo, na Gavana. Mtu yule yule aliyetoza kodi na kuamuru barabara zilimwe ndiye aliyesikiliza rufani. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ndiyo iliyoviondoa vyumba viwili, ikaweka ngazi moja kwa watu wote. Kwa hiyo tusiyadharau maneno haya ya mamlaka kana kwamba ni hila za wanasheria. Ni mipaka inayowazuia wakubwa wasimhukumu mtu po pote wapendapo na kwa lo lote wapendalo.

BARAZA LA WAZEE WA USHARIKA

Huenda mtu akauliza: Na baraza letu la wazee, je, lina mamlaka gani? Lina kazi kubwa ya kushauri, kuonya na kupatanisha. Tena Sheria ya Ndoa yaruhusu kamati ya jumuiya ya dini kutambuliwa na Waziri kuwa baraza la usuluhishi wa ndoa. Lakini baraza la wazee haliwezi kuvunja ndoa, wala kugawa urithi kwa nguvu, wala kumtoza mtu faini na kumnyang'anya mbuzi akikataa. Likiwapatanisha watu kwa hiari yao, limefanya jambo lipitalo hukumu nyingi. Likijifanya mahakama, lawapotezea muda wale wanaolitumaini, nao muda una mipaka yake. Madai ya kurudishiwa ardhi, kwa mfano, yamewekewa miaka 12. Sheria huweza kuuondoa katika hesabu muda ambao mtu aliutumia kwa nia njema na bidii katika mahakama isiyo na mamlaka. Lakini miaka aliyokaa akingoja wazee wakutane haiondolewi.

MASHAURI KWA WALIMU

Basi mtu akija kwako na kusema, "Mwalimu, niandikie dai," usianze na karatasi. Mwulize kwanza mambo matano. Ni jambo gani: ardhi, deni, ndoa, mirathi, kazi, au uhalifu? Limetokea wapi, au mali iko wapi? Thamani yake ni kiasi gani? Je, kuna usuluhishi ambao sheria yataka utangulie? Na limetokea lini? Majibu yake uyaandike, kisha umpeleke kwa karani wa mahakama, au kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mama yule wa mfano wetu angeulizwa hayo asubuhi ile ya kwanza, angeambiwa: "Mama, hili ni jambo la ardhi. Anza na usuluhishi wa Baraza la Kata. Likishindwa, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lenye shamba lako. Na kama shamba bado lina jina la marehemu, litengenezeni kwanza neno la msimamizi wa mirathi." Maneno hayo hayajazi ukurasa mmoja. Lakini wazee wake wawili wangesikilizwa wakiwa hai, mahali ambapo maneno yao yangeshika.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini watu wawili hawawezi kuipa mahakama mamlaka kwa kukubaliana wao wenyewe?

2. Mtu wa Singida anadai nyumba iliyoko Iramba. Atafungua shauri lake wapi, na kwa sababu gani?

3. Baraza la Kata laweza kufanya nini katika ugomvi wa ardhi tangu mabadiliko ya mwaka 2021, na haliwezi kufanya nini?

4. Galio alikataa kulisikiliza shauri la Paulo. Aliitazama aina gani ya mamlaka? Na Pilato alipompeleka mshtakiwa kwa Herode?

5. Katika usharika wenu, ni mashauri gani ambayo baraza la wazee limekuwa likiyakata, nayo yangepasa kupelekwa mahakamani?